Mwosha Mifupa wa Barabara ya Makaburi

Maji ya beseni yana uvuguvugu tu, na Titina Capuozzo anayapima kwa kiwiko kama mama anayejiandaa kumwogesha mtoto mchanga. Yakishamridhisha anavua pete ya ndoa, anaitia mfukoni, anavuta kiti chake cha plastiki na kufunua kitambaa kilichofunika trei. Ndani ya trei kuna mfupa wa paja wa mwanamume aliyefariki hapa Pozzuoli, mji wa pwani jirani na Napoli, Italia, yapata miaka elfu moja na mia tisa iliyopita.

"Habari ya asubuhi, baba," anamwambia. "Umeamkaje?"

"Kaamka salama, ila mgongo unamuuma," anajibu Tonino Schiattarella kutoka shimoni, kichwa chake tu kikionekana juu ya ukingo.

"Wewe chimba. Aliyeulizwa si wewe."

"Namsaidia tu. Mwenyewe ana aibu."

Titina anainama juu ya mfupa. Anachovya mswaki laini kwenye maji na kuanza kusugua polepole, kutoka gotini kwenda nyongani. Maji yanageuka rangi ya kahawa ya maziwa. Mara ardhi inatikisika, kidogo tu, na maji yanafanya miduara. Hakuna anayeinua kichwa. Ardhi ya Pozzuoli imekuwa ikipanda na kushuka tangu enzi za Warumi, na mtu akitaka kushtuka kila inapojinyoosha, kahawa yake itapoa kila siku.

Titina ana umri wa miaka sitini na moja, na hii ndiyo kazi yake: kuwaosha watu wa Roma ya kale. Si wafalme wala majemadari. Hao wana sanamu zao na wana watu wengi wa kuwapangusa vumbi.

Mahali penyewe hapana fahari. Ni kipande cha ardhi nyuma ya gereji, kando ya barabara ya mchepuo, ambako miaka mitatu iliyopita mafundi wa mabomba ya majitaka walichimba wakakutana na mawe meusi yaliyopangwa vizuri kuliko lami iliyokuwa juu yake. Ilikuwa barabara ya Warumi. Na kwa kuwa Warumi hawakuruhusu wafu wazikwe ndani ya mji, kando ya barabara palijaa makaburi.

Matajiri walijengewa makaburi ya mawe karibu na lango la mji ili kila mpita njia awasome majina. Huku nyuma ya gereji walizikwa wengine: wapagazi wa bandarini, wafua nguo, wauza maharage, watumwa walioachwa huru wakiwa wameshazeeka, na watoto, watoto wengi mno.

"Hebu shika," Titina anamwambia mwandishi wa makala haya, na bila kungoja jibu anamwagia kiganjani misumari midogo yenye kutu.

Ni misumari ya soli ya kiatu. Ngozi ilioza zamani, lakini misumari ilikutwa udongoni ikiwa imejipanga kwa umbo la mguu wa mtu. Ile ya upande wa kisigino imelika zaidi.

"Alikuwa anakanyagia kisigino," anasema Titina. "Kama marehemu mume wangu. Kila mwaka viatu vipya, na kila mwaka ugomvi."

Mwandishi huyu ameishi Napoli miaka mingi. Amezoea kupita kando ya magofu bila kugeuza shingo, kama wenyeji wote, akiwaza bei ya nyanya. Lakini pale, na misumari ya kiatu cha mtu kiganjani, alizisahau nyanya. Mtu huyu alitembea. Alichoka, akaburuta mguu, labda mkewe akamgombeza kwa ajili ya viatu.

Mezani kwa Titina vimepita vingi vya namna hiyo. Kipo kijungu kidogo cha udongo chenye mdomo mwembamba, cha kumnyonyeshea mtoto aliyekosa ziwa. Zipo sahani zilizopasuka zikaungwa kwa madini ya risasi kwa sababu mwenye nyumba hakuwa na za kubadilishia. Na lipo bomba la udongo, la urefu wa mkono, lililokutwa limesimama wima juu ya kaburi, mdomo mmoja juu ya ardhi na mwingine karibu na uso wa maiti.

Ndugu wa marehemu walikuwa wakija siku za sikukuu, wanakaa kando ya kaburi, wanakula, halafu wanamimina divai na asali bombani ili na mwenzao chini apate. Siku Titina alipoelezwa jambo hilo alikaa na lile bomba mapajani mpaka muda wa kahawa ukaisha.

"Kumbe hatukuanza sisi," alisema.

Ili kuelewa maneno yale ni lazima kurudi Sanità, mtaa wa Napoli alikozaliwa. Mama yake alikuwa akishona glavu za ngozi nyumbani kwa ajili ya karakana za mjini, na Titina akaingia kwenye kazi hiyo akiwa na miaka kumi na minne. Karakana zilipofungwa moja baada ya nyingine, akafagia ngazi za watu. Kisha akasikia kwamba chama kimoja cha ushirika kinatafuta watu wa kuosha vitu vinavyochimbwa, watu wenye subira na vidole vyepesi.

"Nikawaambia subira sina, ila vidole ninavyo. Wakanichukua."

Analipwa karibu euro elfu moja na mia mbili kwa mwezi, miezi yenye kazi. Mvua ikinyesha mfululizo shimo linajaa maji, na shimo likijaa maji hakuna kazi wala malipo. Goti la kulia linamsumbua. Mkataba wake ni wa msimu, na kila msimu ukiisha anarudi nyumbani bila kujua kama ataitwa tena.

Lakini kabla ya glavu na kabla ya ngazi, Titina alikuwa mjukuu wa Nunziata, na Nunziata alikuwa na fuvu lake.

Wazee wa Napoli wanaijua habari hii. Katika mapango yalikorundikwa mifupa ya watu wasiojulikana, waliokufa kwa tauni na njaa za zamani, kina mama wa mitaani walikuwa wakichagua kila mmoja fuvu moja. Waliliosha, wakalipangusa mpaka likang'aa, wakaliwekea mto, wakaiombea roho yake ipoozwe huko toharani, kwenye moto wa kutakasa. Roho nayo, ikishapoa, ilimtokea ndotoni yule aliyeitunza, ikamtajia jina, ikamsaidia shida zake. Kanisa lilipiga marufuku desturi hiyo zamani. Kina bibi waliitikia amina, wakaendelea.

"Mfu asiye na mtu ni yatima," anasema Titina. "Na yatima ukimwokota, hasahau. Bibi alinifundisha hivyo kabla sijafundishwa kusoma."

Basi ndipo akaja yule mwanamke.

Alikutwa msimu wa vuli wa mwaka jana, chini ya vigae vya paa vilivyoegemezwa viwili viwili juu yake, kaburi la mtu asiye na uwezo. Alikuwa wa makamo. Pembeni yake palikuwa na taa ndogo ya mafuta, ya bei rahisi, na hakuna kingine. Hakuna jiwe lenye jina, hakuna shanga, hakuna pete. Fuvu lake lilifika mezani kwa Titina mwanzoni mwa Novemba, siku chache baada ya sikukuu ya wafu.

"Nilimtazama nikasema, huyu ni wangu."

Wiki hiyo hiyo akaota. Mwanamke amesimama kwenye ngazi za marumaru, amevaa joho la kijani, bangili za dhahabu mpaka kwenye kiwiko. Akasema anaitwa Drusiana. Asubuhi Titina alifika kazini amechangamka na kumtangazia kila mtu kwamba yule wa kwenye vigae ni Donna Drusiana, bibi mwenye heshima zake, na kwamba kuanzia leo anayepita karibu na sanduku lake asivute sigara.

"Nyie watu wa Sanità mna bahati," Tonino alimwambia. "Mbona hamjatokewa hata siku moja na muuza vitunguu? Kila mfu wenu ni kapteni au binti wa mfalme."

"Kwa sababu muuza vitunguu akija atakuja kwako, mjomba wake."

Donna Drusiana aliombwa mambo mawili tu: mkataba wa kudumu, na nafuu ya goti. Kwa upande wake Titina alimwahidi atamtunza kama bibi yake alivyomtunza wa kwake. Na hapo ndipo lilipotokea kosa ambalo, kwa maoni ya mwandishi huyu, lisingeweza kutokea popote duniani isipokuwa hapa.

Meno ya yule mwanamke yalikuwa na ukoga. Tabaka gumu, la kijivu, lililong'ang'ania kwenye shina la meno ya mbele. Titina alilitazama siku kadhaa na moyo ukawa hautulii. Mwanamke wa heshima, mwenye bangili mpaka kwenye kiwiko, anakaaje na meno yale? Siku moja, wenzake walipokwenda kula, akatoa leso nyeupe aliyoileta kutoka nyumbani, akaitandaza mapajani, akamshika Drusiana kidevu, na kwa kijiti cha kuchokolea meno akaanza kazi. Ukoga ulibanduka vipande vipande, kama ganda la yai. Alipomaliza akayapangusa meno kwa leso ile ile, moja moja, jinsi bibi yake alivyokuwa akipangusa. Akakunja leso, akaenda nayo nyumbani. Anasema siku ile alikula chakula chake cha mchana kwa raha isiyo na kifani.

Kiongozi wa uchimbaji ni Daktari Ludovica Marangon, mwenyeji wa upande wa Venezia, mtu wa maneno machache ambaye kwa miaka mitatu amekuwa akizisikiliza habari za roho na ndoto kwa tabasamu la adabu. Siku mbili baadaye alifungua sanduku, akainua taya, akaligeuza kwenye mwanga.

"Titina, ukoga uko wapi?"

"Ukoga upi, daktari?"

"Wa meno. Nilipomtoa kaburini ulikuwepo. Niliuona kwa macho yangu."

"Aa, ule uchafu? Nimemsafisha. Tazama sasa anavyopendeza."

Kutoka shimoni sauti ya mwiko ikakoma. Tonino alikuwa ameacha kuchimba.

"Si nilisema meno yasiguswe?"

"Ulisema nisiyapige mswaki. Sikupiga mswaki, daktari, nakuapia. Nilitumia kijiti."

Daktari Marangon aliketi kwenye ukingo wa meza. Hakugomba. Alianza kumweleza kwa sauti ya chini. Mtu akila, akivuta moshi, akishika kitu kwa meno, chembe zake hunasa kwenye ukoga. Ukoga hugeuka jiwe, na zile chembe zinabaki zimefungiwa humo hata baada ya miaka elfu mbili. Ukiuvunja maabara unajua alikula nini, alikaa karibu na moshi gani, mikono yake ilifanya kazi gani. Matajiri wa karibu na lango la mji walikuwa na majina yao juu ya mawe. Huyu hakuwa na jina, hakuwa na maandishi, hakuwa na mali.

"Alichotuachia kilikuwa kile tu," alisema daktari.

"Afadhali angenipigia kelele," Titina anakumbuka. Anaacha mswaki ndani ya beseni na kuitazama mikono yake iliyosinyaa kwa maji. "Kazi niliona imekwenda, lakini si hilo lililoniuma. Mimi nilimwahidi kumtunza. Nikamnyang'anya. Mtu amelala miaka yote ile ameshikilia kitu chake kimoja mdomoni, nakuja mimi na kijiti."

Mwanamke asiye na jina alikuwa amekaribia kujulikana, na sasa ilionekana kwamba hatajulikana kamwe, kwa sababu ya mtu pekee aliyempenda. Hata Tonino siku hiyo alikula chakula chake bila mzaha.

Kesho yake Titina alifika mapema kuliko wote. Hakuvaa aproni. Mkononi alikuwa na bahasha ya kaki, na ndani ya bahasha ile leso. Ilikuwa imekaa nyumbani nyuma ya picha ya Bikira Maria wa Karmeli, imekunjwa mara nne. Alitaka iwekwe sandukuni pamoja na mifupa, kwa kuwa ilikuwa mali ya marehemu, na baada ya hapo alikusudia kuaga.

"Daktari, hii ni yake. Naomba muirudishe kwake, halafu mimi niende zangu."

"Hii nini?"

"Leso niliyompangusia."

Daktari alinyoosha mkono, kisha akausimamisha hewani.

"Umeifua?"

"Leso ya roho haifuliwi, daktari." Titina alishangaa kuulizwa. "Hata mtoto mdogo anajua. Ukishampangusia roho huifui, huikung'uti, hupengei mafua. Unaikunja, unaiweka kwa Bikira."

Daktari Marangon akavaa glavu. Akaiweka leso juu ya trei safi na kufunua pembe moja, kisha ya pili. Katikati ya mkunjo palikuwa na punje za kijivu, nyingine ndogo kama chumvi, nyingine kubwa kama nusu ya punje ya mchele.

"Tonino," aliita bila kugeuka, "shusha hilo turubai. Upepo."

Tonino akalishusha.

"Titina, kaa. Usiende popote. Nyumbani ulimwashia mishumaa?"

"Kila Jumatatu. Jumatatu ni siku ya roho."

"Karibu na leso?"

"Mbele yake kabisa."

Daktari akafumba macho. Moshi wa mshumaa ungeweza kuharibu kila kitu. "Mishumaa ya nta?"

Titina akainamisha kichwa. "Ya umeme," akasema kwa aibu. "Ya nta binti yangu alinikataza. Pazia liliwahi kuungua."

Wafanyakazi wote wanakubaliana kwamba hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona Daktari Marangon akicheka mpaka akashika meza.

Hata hivyo hakumpa matumaini ya bure. Punje zilikuwa zimechanganyika na pamba ya leso na vumbi la nyumba. Huenda maabara wangezikataa. Zilipelekwa kaskazini, na majira ya baridi yakapita bila jibu. Titina hakufukuzwa, lakini alikatazwa meza ya mifupa, akawa anaosha vigae na vipande vya mitungi. Anasema hakulalamika. Kila Jumatatu aliwasha taa yake ya umeme mbele ya picha na kusema neno moja tu, nisamehe, kwa sababu hakuona ana haki ya kuongeza lingine.

Jibu lilikuja mwaka huu, siku chache baada ya Pasaka. Daktari aliwaita wote chini ya turubai, simu mkononi. Kwanza akawasomea yale yasiyofaa: chembe nyingi zilikuwa za juzi na jana. Titina alikuwa amesimama nyuma, karibu na ndoo, ameshika rozari ndani ya mfuko wa aproni.

Lakini punje kubwa zilikuwa ngumu, na ndani yake zilikuwa nzima.

Alikula uwele na maharage, unga uliosagwa kwenye jiwe lililoacha mchanga. Alivuta masizi ya taa ya mafuta, si ya siku moja, bali masizi juu ya masizi, tabaka baada ya tabaka. Na zilikutwa nyuzi. Vipande vidogo mno vya sufu, vingine vyekundu, vingine vya manjano, na vya kitani. Kwenye meno mawili ya mbele palikuwa na mfereji mwembamba, wa unene wa uzi.

"Alikuwa anakata uzi kwa meno," alisema daktari. "Kwa miaka mingi, karibu na taa. Inaelekea alikuwa mshonaji, au mtia viraka. Rangi ni nyingi, kwa hiyo nguo zilikuwa za watu wengine. Kaburi lile si la mtu wa kuvaa nyekundu."

Magari yalipita kwenye barabara ya mchepuo. Tonino, ambaye hajapata kuuacha ukimya upite hivi hivi, akafungua mdomo: "Kwa hiyo, Titì, Donna Drusiana kashushwa..." Akaishia hapo, maana alikuwa amegeuka akauona uso wake.

Titina alikuwa ameweka kidole kwenye jino lake la mbele.

"Mama alikuwa na pengo hapa," alisema. "Dogo. Na mimi ninalo. Tulikuwa watatu mezani na mkasi mmoja. Nani angekaa kungoja mkasi?"

Mwandishi wa makala haya aliomba kuliona pengo hilo, na Titina akafunua mdomo bila haya, akaelekeza uso kwenye mwanga. Lipo. Ni mfereji mwembamba, laini, ambao mtu angedhani ni ufa wa kawaida wa uzee. Kisha mwandishi akaletewa picha ya meno ya yule mwanamke iliyokuzwa, akayaweka mawili hayo pamoja, jino lililo hai na jino la miaka elfu moja na mia tisa. Mwandishi si mtu wa kulia hovyo, na hapa hadai kwamba alilia. Lakini nywele zilimsimama. Falme zimeanguka kati ya meno hayo mawili, miungu imebadilishwa, bahari imemeza nusu ya bandari ya Pozzuoli, na uzi bado unakatwa pale pale.

Titina anasema hakusikitika kumpoteza bibi wa bangili. Alichohisi ni aibu.

"Muda wote huu nimemwita donna. Nimemvika dhahabu. Nimemwomba mkataba, nimemwomba dawa ya goti, kana kwamba yeye alikuwa na mkubwa fulani wa kwenda kunisemea. Kumbe maskini labda na yeye goti lilikuwa linamuuma. Anakaa pale amechoka, macho yamemwisha kwa taa, halafu nakuja mimi, bado namtwisha na shida zangu."

Jina la ndotoni amelirudisha, kwa maneno yake mwenyewe, kwa sababu halikuwa la mwanamke yule. Siku hizi anamwita dada.

Amerudishwa kwenye meza ya mifupa. Wafanyakazi wapya wa msimu huu ni vijana, na anayewafundisha kushika mswaki ni yeye. Jambo la kwanza analowaambia ni kwamba meno ya wafu hayaguswi, hata kwa mapenzi. Alipoelezwa kwamba Waswahili husema mwosha huoshwa, alicheka na kutaka aandikiwe ile methali kwenye kipande cha karatasi. "Basi atakayeniosha mimi naye asiguse meno," alisema. "Mle mna uzi wa glavu za nusu ya Ulaya."

Mkataba wa kudumu haukuja, na mwakani anastaafu. Ana mipango miwili. Wa kwanza umeshatimia: kwenye sanduku la yule mwanamke ghalani, chini ya namba, daktari amekubali paongezwe maneno mawili, "Alikuwa anashona." Jina halijulikani na pengine halitajulikana. "Lakini kazi yake tunaijua," anasema Titina. "Na mimi ukiniuliza ni nani, sitaanza na jina."

Wa pili uko mikononi mwa wakubwa. Daktari Marangon ameomba kwamba utafiti ukimalizika watu wa barabara hii wasikae rafuni milele, warudishwe ardhini nyuma ya gereji. Hajajibiwa. Titina anasema atangoja, na akistaafu atangojea nyumbani.

Jumatatu, kazi inapoisha, anaomba ufunguo wa ghala. Hakuna mshumaa huko, wala hata wa umeme. Anavuta kigoda, analitoa sanduku rafuni, analiweka mapajani bila kulifungua, na anakaa nalo.

"Leo sikuja kuomba," anamwambia. "Wamekwisha kuondoka wote, wenye nguo wote. Hakuna anayekungoja. Weka sindano chini, dada."